Samaki Asiye na Miiba

Bibi mshona mapazia aliwakatalia wanawe katakata: baba yao hajamsahau yeye, mkewe. Ili kuwaziba midomo, akampeleka mzee kwenye mkahawa wa samaki walikokuwa wakila tangu uchumba.

Sahani ilipotua, mzee akaanza kuchambua miiba, kama alivyomfanyia mkewe siku zote, kisha akamsogezea minofu. Roho ya bibi ikatulia.

"Umeona! Na hao watoto wako wanasema umenisahau!"

Mzee akatabasamu kwa adabu. "Kula, mama, usiogope. Mke wangu naye ni mwoga wa miiba. Akifika nitamchambulia."

Bibi akautazama mlango.

"Mwekee kipande cha mkiani," akasema. "Ndicho anachokipenda."

Akala. Mwiba haukuwamo hata mmoja, lakini kila tonge alilitafuna taratibu, kama lililojaa miiba.