Punje Kwenye Ufa wa Uwanja

Uwanja wetu wa mpira wa kikapu ulikuwa na kazi mbili, na mpira haukuwa kazi ya kwanza. Kazi ya kwanza ilikuwa kuanika mahindi. Mtaa mzima hapakuwa na sakafu nyingine pana ya saruji, na ukianika mahindi juu ya udongo, mnunuzi anakuta mchanga ndani ya gunia na kukutangaza sokoni. Kwa hiyo kila mwaka kipupwe kikiingia, upepo wa milima ya Matogoro unapotuchapa masikioni, parokia ilituruhusu kina mama kumwaga mahindi yetu pale kwa sharti moja: siku ya mechi tufagie mapema, na tufagie vizuri.

Mimi nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi. Kwa cheti nilikuwa mwalimu. Kwa tumbo nilikuwa muuza mahindi. Ilikuwa miaka ile ya ruksa. Biashara imefunguliwa, malori ya watu binafsi yanaingia Songea kutafuta mahindi ambayo zamani tulikuwa tunaupelekea ushirika na kusubiri. Mwalimu aliyetegemea mshahara peke yake ulimjua kwa viatu vyake. Sikutaka watu wanijue kwa viatu. Likizo zikifika nilipanda lori kwenda kununua mahindi kijijini Mpitimbi, nikarudi nimekaa juu ya magunia, pumba zimenijaa kichwani, na aliyetaka kucheka nilimwambia acheke kwa nafasi.

Mdogo wangu wa kiume nilimlea mimi. Mama alifariki kabla mtoto hajaanza shule, na baba alikuwa ameshaondoka zamani. Mpira alijifunza katikati ya mahindi hayo hayo. Tulikuwa tukiacha njia nyembamba kati ya anikio la huyu na la yule, ya kupita mtu na jembe la kugeuzia, na humo ndimo alimodunda mpira wake kutoka ringi moja mpaka nyingine. Mpira ukimponyoka ukaingia kwenye mahindi ya mtu, mwenye mahindi anaukalia. Anaukalia kweli, na kitenge juu, mpaka mtoto aokote kila punje iliyoruka. Ndiyo maana alidunda chini sana, karibu na mguu, mpira hauendi mbali na kiganja. Baadaye watu wa Dar es Salaam walimsifia kwa udundaji ule, wakadhani amefundishwa na kocha wa kigeni. Amefundishwa na wanawake wenye mafagio.

Lakini hasira nazo alijifunzia kwenye njia ile ile. Mpira ukikaliwa, yeye anapiga teke mahindi, anajitupa chini, anamtolea maneno mama ambaye dakika chache nyuma kampa shikamoo. Nilimchapa, haikusaidia. Majirani walikuwa wanasema amefuata wapi huyu kama si kwa dada yake, na walisema kwa sauti ili nisikie. Niliwajibu, na majibu yangu yakawa ushahidi wao.

Akakua, akawa mrefu mpaka akawa anainama mlangoni kwangu. Timu ya shirika moja la umma ikamwona kwenye mashindano, ikamchukua. Kwa maandishi aliajiriwa kama karani, lakini meza yake sijui kama aliwahi kuikalia, alilipwa acheze. Nilitembea na habari hiyo mtaa mzima. Halafu zikaanza kuja habari nyingine. Kamrushia refa mpira. Kapiga teke benchi. Katolewa uwanjani, kafungiwa, kasamehewa, katolewa tena. Akija likizo nikimuuliza, jibu lilikuwa lile lile.

"Refa kanionea, dada."

"Kila refa?"

"Kila refa."

Mwaka ninaousimulia, timu yake ilizunguka mikoa ya kusini kucheza mechi za kirafiki, na Songea ikawemo. Walifika Jumamosi. Jioni ile kiongozi wa timu alikuja kwangu kunywa chai. Alikuwa mtu wa Pwani, mpole, mwenye kofia safi, na alizunguka sana kabla ya kufika alikokusudia. Alisifu chai, akasifu baridi yetu, akasifu hata mbuzi wa jirani. Mimi si mtu wa kuzungushwa.

"Sema tu, ndugu yangu," nikamwambia. "Kafanya nini tena?"

"Hajafanya, mwalimu. Nimekuja ndiyo asifanye." Akaweka kikombe chini. "Kijana nampenda, Mungu ni shahidi. Lakini shirika linapunguza watu. Wakubwa wanauliza kila siku, kwa nini tunalisha wacheza mpira? Mwenzangu mmoja tumesafiri naye kutoka makao makuu, na atapeleka taarifa. Kijana akitolewa tena uwanjani, hata kwenye mechi ya kirafiki, mimi sitakuwa na mdomo wa kumtetea. Kazi hana."

"Yeye anajua?"

"Nimemwambia kama nilivyokwambia wewe. Akaitikia ndiyo. Lakini ndiyo yake unaijua."

Ndiyo yake niliijua.

Jumapili, baada ya misa ya kwanza, tulifagia. Wenzangu walifagia kama watu wanaofagia, mimi nilifagia kama mtu anayemfukuza nyoka. Ule uwanja una ufa, unaanzia chini ya ringi ya upande wa kanisa unakuja mpaka kwenye mstari wa mitupo ya adhabu. Punje zinaingia humo na fagio haliwezi kuzitoa. Nilichutama na kijiti nikawa nazichokoa moja moja, mpaka jirani yangu akaniuliza kama nimepoteza hereni. Nikaendelea mpaka watu walipoanza kujaa.

Watu walijaa kweli. Waliotoka kanisani, waliotoka msikitini, watumishi na wake zao, vijana wa Lizaboni na Mfaranyaki. Wote walikuwa upande wa timu ya mkoa. Mdogo wangu alikuwa wao mpaka alipovaa jezi ya Dar es Salaam. Siku ile alikuwa mgeni aliyewaringia. Aliyepewa kazi ya kumkaba alikuwa fundi baiskeli wa Majengo, aliyesoma naye darasa moja. Mtu asiyekujua atakutukana ovyo, lakini uliyesoma naye anajua pa kugusa. Nilikuwa nimekaa kwenye gunia langu pembeni ya mstari, na kila walipopita karibu yangu nilisikia.

"Mtoto wa sketi, dada yako kakuletea leso? Huko wanakubeba. Hapa nani atakubeba?"

Kiwiko nacho kilifuata maneno. Refa alikuwa mtumishi mgeni kutoka kanda ya Ziwa, mwenye msimamo wa kutopenda kuulizwa, na viwiko vile alikuwa haoni. Nilitazama uso wa mdogo wangu. Mshipa wa kipajini ulikuwa umeinuka. Mdomo wa chini ameuvuta ndani. Alama hizo nazijua tangu akiwa na futi tatu, na kinachofuata baada yake nakijua pia. Kipindi cha kwanza kikaisha bila hicho kufuata. Nikapumua kidogo, nikajionya nisipumue mapema.

Kipindi cha pili, timu zikiwa sawa, watu wamesimama, alichukua mpira katikati akaingia na ule udundaji wake wa chini. Fundi baiskeli akabaki nyuma. Njia ilikuwa nyeupe mpaka kwenye ringi ya upande wa kanisa. Mguu wa kulia ukakanyaga pale mstarini, kwenye ufa, ukateleza. Alianguka vibaya, nyonga na kiwiko juu ya saruji, na mpira ameukumbatia. Filimbi ikalia. Refa akazungusha mikono: ametembea na mpira. Mpira kwa wenyeji.

Uwanja mzima ulicheka. Walicheka mpaka wengine wakashikana. Fundi baiskeli akapita juu yake akisema kitu ambacho hata mimi sikukisikia, na nilivyomtazama, ni heri sikukisikia.

Aliinuka taratibu. Mshipa, mdomo, vyote mahali pake. Alimtazama refa. Kwenye benchi, kiongozi wa timu alisimama akavua kofia. Yule mtu wa makao makuu aliyekaa pembeni yake akaweka mguu mmoja chini kutoka juu ya mwingine. Nilitia mkono mdomoni.

Akainama. Akatia kidole kwenye ufa, akachokoa, akatoka na punje ya mahindi. Akaanza kutembea kumwelekea refa, ameishika juu. Refa akarudi hatua nyuma.

Alipomfikia, akaitia punje ile kinywani akaing'ata.

Kwetu kila mtu anajua maana yake. Mnunuzi akifika anachukua punje, anaing'ata: ikivunjika kwa mlio, imekauka, ikikubali jino, bado. Alitafuna polepole, mbele ya refa, kwa uso wa mfanyabiashara aliyetoka mbali. Akameza. Kisha akageuka upande wetu kina mama.

"Dada!" akaita. "Mzigo wako bado mbichi! Anika tena!"

Sijawahi kusikia kicheko kama kile Songea, na safari hii kilikuwa chake. Refa mwenyewe alicheka, filimbi ikamdondoka ikabaki inaning'inia kwenye kamba. Akasimamisha mchezo uwanja ufagiwe. Tukaingia na mafagio mbio, na mdogo wangu akachukua la jirani yangu akafagia na sisi, jezi na viatu vyake vya bei, akiinama kwenye ufa. Kipenga cha kutembea na mpira hakikufutwa. Alimpa refa mpira mkononi, kwa mikono miwili.

Mimi nilikuwa nafagia huku machozi yananitoka, na si kwa vumbi. Nilikuwa nimefarijika. Lakini mtu hakamiliki: nilipoinua macho nikamwona mnunuzi wangu, aliyekuwa amepanga kuchukua mzigo kesho yake, amesimama kwenye nguzo. Alinipungia mkono kuonyesha kwamba amesikia. Nikamtazama mdogo wangu kwa jicho jipya kidogo.

Timu yake ilifungwa. Dakika ya mwisho alikuwa na mpira, akavuta wawili, akampa mwenzake aliyekuwa peke yake, mwenzake akakosa. Alimpiga mgongoni kwa upole, kisha akaenda kumshika mkono fundi baiskeli, ambaye hakujua auweke wapi uso wake. Kiongozi wa timu alipita kwenye gunia langu.

"Mwalimu," akaniambia, "yule wa makao makuu anasema mtu kama huyu tulikuwa tumemficha wapi. Kazi anayo, inshallah."

Jioni mdogo wangu alikuja kula kwangu. Nilipika ugali na dagaa wa Nyasa, akakaa kwenye kigoda jikoni magoti yakigusa kidevu, kiwiko kimechubuka. Nilikuwa na furaha, lakini ndani yake palikuwa na kitu kinanikera, nami sikai na kitu kinachonikera. Yule mtu mtulivu niliyemwona uwanjani sikumjua. Niliogopa kwamba Dar es Salaam imenirudishia mtu mwingine.

"Mlongo wangu, ndugu yangu," nikamuuliza, "utulivu ule umejifunza wapi?"

Akaacha tonge hewani. "Utulivu gani, dada?"

"Wa leo. Na refa."

Akacheka mpaka akaweka tonge chini. "Nilikuwa naenda kumpiga. Haki ya Mungu. Taya zinauma kwa kukaza meno. Nikaona nikifika pale bila kitu mdomoni, nitamng'ata mtu. Punje ikawa karibu."

"Na utani?"

"Utani ulikuja baadaye, punje ilipovunjika. Ilikuwa kavu hiyo, dada. Ilikatika kwa mlio. Mzigo wako mzuri tu."

Nikampiga na mwiko, kidogo. Kisha nikageukia moto, maana machozi yalikuwa yamerudi. Alikuwa yule yule. Hasira ilikuwepo, yote, ile ile waliyosema majirani kaitoa kwangu. Alichopata ni mahali pa kuiweka mpaka ipite. Nilitaka hilo kwake kuliko upole wowote.

Asubuhi nilimsindikiza stendi. Wenzake walikuwa wameshapanda. Nilimpa kitambaa nilichokifunga fundo, akakipima mkononi, akasikia punje zinavyogongana.

"Zimekauka hizi?" akauliza.

"Zimekauka."

Akazitia kwenye mfuko wa koti lake la michezo, akafunga zipu, akapanda. Hakuniuliza za nini.

Basi lilipoondoka nilirudi uwanjani kwenye mzigo wangu. Mnunuzi alikuwa ameshafika, ameshika bambo lake la kutobolea magunia, na kwa mbali nilimwona anachoma magunia yangu moja baada ya jingine huku anatikisa kichwa. Nikainama kwenye ufa, nikachokoa punje moja, nikaitia mdomoni kabla sijamfikia.