Nimeanika Jezi za Timu, na Katibu Mpya ni Mume Wangu

Mimi ni mama wa miaka thelathini na miwili, nina watoto wanne, na tunakaa katika laini, yaani nyumba za wafanyakazi, za kiwanda cha katani upande wa Thika. Kwetu ni Maragoli, lakini huku huu ni mwaka wangu wa kumi. Mhariri wa ukurasa huu, nakuomba ulifiche jina langu. Gazeti lako hapa husomwa kwa sauti dukani, na wale wasiojua kusoma ndio wanaokumbuka kila neno.

Nakiri mapema kwamba napenda mpira kuliko wanaume wengi, na sioni haya. Jezi za timu yetu hazikutoka kwa kampuni. Sisi wanawake wa laini tulichanga, tukanunua kitambaa cha kijani, tukashona, na namba zote zimepita kwenye sindano yangu. Ndiyo maana kazi ya kuzifua ikawa yangu. Basi ikazuka desturi. Kila Ijumaa baada ya kazi, Mzee Andayi, mwalimu wa timu, alikuja kunitajia wachezaji kumi na mmoja, nami nikaanika jezi za hao tu kwenye kamba mbele ya mlango wangu. Watu walijaa kutazama. Mchezaji akiona namba yake, anakuja kuianua mwenyewe. Asiyeiona anarudi kwake na kujipanga kwa wiki ijayo. Hakuna aliyewahi kubishana na kamba ile.

Mwaka huu meneja wa zamani wa kiwanda alirudi kwao Ulaya, akaja mwingine. Huyo alisema timu lazima iongozwe na watu waliosoma. Kamati tuliyoichagua sisi ikavunjwa kwa barua moja. Mzee Andayi, aliyewafundisha vijana hawa tangu wakicheza na mpira wa matambara, akaambiwa apumzike. Na katibu mpya wa timu, mwenye amri juu ya kila kitu, ni nani? Ni mume wangu, Baba Tabitha, karani wa ofisi ya kiwanda. Alichaguliwa kwa sababu anajua kupiga taipu. Nampenda, lakini mtu huyu hajawahi kupiga teke hata chungwa bovu.

Majina ya wachezaji yakaanza kubandikwa kwenye mlango wa ofisi. Karani mmoja mrefu akawekwa golini kwa sababu ya urefu wake. Tukaenda Ruiru kucheza na timu ya shamba la kahawa, watu tuliozoea kuwafunga, wakatutia manne kabla ya mapumziko. Rafiki yangu Nyambura, muuza mboga, alishika kichwa: "Ngai! Golikipa gani hii? Naona mpira inakuja, yeye nafunga macho!"

Nililia machozi ya hasira uwanjani. Mechi iliyofuata, hapa nyumbani, tulikwenda wote, wake kwa waume, tukakaa tumeupa uwanja mgongo mpaka mwisho. Goli likiingia hakuna anayegeuka. Aliyeanza kuupa uwanja mgongo ni mimi, na ningeanza tena leo.

Meneja alikasirika. Akaamuru jezi zote zipelekwe ofisini, zifungiwe, zivaliwe na wale inaowataka ofisi. Baba Tabitha akaja na gunia.

"Mama Tabitha, nipe zile nguo za kampuni."

"Kampuni ilishona ngapi?"

"Usinitie aibu mbele ya watu. Nikirudi mikono mitupu, nitapelekwa kuanika katani na vibarua. Hata nyumba hii tutatoka."

"Basi utaanika katani na mimi nitaanika jezi. Sote tutakuwa waanikaji."

Hakucheka. Nilijua nimemchoma, na roho iliniuma, lakini mwenye mali ni mwenye mali. Ijumaa ile nilimwita Mzee Andayi, akanitajia majina yake, nikaanika. Laini nzima ilikuja. Wachezaji wakaanua jezi zao mmoja mmoja, na zilizobaki nikazigawa kwa wa akiba. Baba Tabitha alikuwa amesimama mlangoni na gunia lake.

Tangu siku hiyo amepita nyumba kwa nyumba akidai jezi. Jibu ni moja: "Tulipewa na mama, tutarudisha kwa mama." Ofisi imempa mpaka mwisho wa mwezi, siku ya marudiano na Ruiru. Jezi zisipopatikana, ukarani wake umekwisha. Mama mkwe ameniandikia kutoka nyumbani kwamba mke mwema hushika upande wa bwanake. Mchungaji naye amekuja na maneno hayo hayo. Wote wawili hawajawahi kuona mechi.

Sasa sikilizeni kilichonifanya nichukue kalamu. Jana asubuhi Baba Tabitha alikuwa akinywa chai, hatujasemezana siku tisa. Akafunga tai yake taratibu, akaniuliza bila kunitazama:

"Na golini, Mzee amemweka nani?"

Nikamtajia. Akatikisa kichwa kukubali.

"Huyo atadaka," akasema, akaenda ofisini kwake.

Ndugu wasomaji, laiti angenipigia makelele ningejua la kufanya. Jezi zitarudi kwa neno langu tu. Nikilisema, mume wangu atabaki na meza yake, na timu tuliyoishona kwa mikono yetu itakuwa ya mlango wa ofisi. Nisipolisema, karani wangu atakwenda kwenye katani na tai yake, na nadhani hatanilaumu, hilo ndilo linaloninyima raha. Kuomba msamaha ofisini nimeshakataa, msipoteze wino wenu hapo. Lakini mtu huyu aliyeuliza habari za golikipa, nimtendee nini? Mnaojua ndoa na mnaojua mpira, niambieni kabla ya mwisho wa mwezi.