Chipu ya Tatu ya Mwanasaumu

Mwaka 1989 Mwanasaumu alikuwa ndani ya eda, Likoni, katika chumba ambacho dirisha lake lilitazama ukuta wa jirani. Marehemu mumewe, Rama, fundi redio, alikuwa ameacha kinanda cha umeme alichokiunda mwenyewe kwa ajili ya kikundi cha taarabu cha mwimbaji Mwanarusi. Kilikuwa chumbani humo pamoja na vifaa vya kulehemu; kilikamilika, ila kilikuwa bubu.

Shemeji yake, Mwidadi, ndiye aliyeshika ufunguo wa banda la ufundi lililokuwa mbele ya nyumba. Aliongea kutoka nje ya pazia la mlangoni, maana hakupaswa kumwona.

"Shemeji, Ijumaa naleta mpangaji. Banda halikai bure."

"Nitalifanyia kazi mimi."

"Kazi gani? Kupuliza pasi ya makaa?"

"Kinanda kikilia, utaniachia ufunguo?"

Mwidadi akacheka. "Kikilia nakuachia, wallahi."

Kwa miaka kumi na mmoja Mwanasaumu alimshikia Rama tochi, na mkono wa mumewe ulipoanza kutetemeka, yeye ndiye aliyelehemu. Wateja walimshukuru Rama.

Hitilafu ilikuwa kwenye kikuza sauti, chipu nyeusi yenye miguu minane kama kupe. Chipu hizo zilikuwapo tatu. Ya kwanza ilipata moto ikamchoma kidole. Ya pili ikatoa moshi. Mwanarusi alivuka kivuko kwenda kumtafutia nyingine mjini, akarudi mikono mitupu. Mwanasaumu mwenyewe hata barazani hakuweza kufika.

Alhamisi alifungua redio ya kaseti ya mteja iliyobaki chumbani, nzima, yenye chipu kama hiyo, akafuata waya mmoja mmoja. Waya wa umeme uliingia upande mwingine kabisa. Hapo akafahamu. Rama alijifunza kazi kwenye redio kubwa za valvu, zile taa za kioo za zamani, ambazo michoro yake huonyesha miguu kama inavyoonekana kwa chini. Ndivyo alivyomfundisha: pindua, kisha hesabu. Mchoro wa chipu huonyesha miguu kwa juu. Nyaya zote nane zilikuwa zimebadilishana pande.

Akazifumua, akalehemu upya, akaweka chipu ya mwisho. Akawasha na kuigusa. Ilikuwa baridi. Kubonyeza hakuthubutu, kwani muziki katika nyumba ya eda ni aibu, na majirani walikuwa nyuma ya ukuta.

Ijumaa Mwidadi akaja na mpangaji, mshonaji aitwaye Elkana.

"Haya shemeji, kimelia?"

"Subiri eda iishe. Zimebaki siku nane."

"Elkana anahamia leo."

Pazia lilikuwa kati yao. Hangeweza kumwonyesha chochote. Mwanasaumu akawasha kinanda, akafungua sauti, akabonyeza.

Noti moja, nene, ikajaa nyumba nzima. Jirani akaacha kutwanga.

"Astaghfirullahi," Mwidadi akasema. "Mume hata miezi mitano hajamaliza."

"Uliapa, shemeji."

Elkana akakohoa, akaaga. Baada ya muda ufunguo ulisukumwa chini ya pazia.

Mwanasaumu aliuokota, akaketi nao kitandani. Kupitia upenyo wa pazia aliliona banda, hatua sita tu kutoka kizingitini. Akazima kinanda, akaanza kuhesabu siku nane.