Msiuite Uongo Chai

Magokoro wa Manga ametutoka. Alizikwa Ijumaa, harakaharaka kabla Sabato haijaingia, na mimi bado nina hasira. Kwa hivyo nyinyi mnaosoma gazeti hili la ukutani kwa vichekesho mkingoja githeri ya mchana, leo vumilieni. Hakuwa nyanya yangu. Ni sisi tuliokatiza shamba lake la chai kwenda shule tuliomwita magokoro, nyanya, naye alituita wezi wa njia huku akitugawia ndizi.

Mwezi uliopita aliniomba nimpigie simu mwanawe aliye mjini, maana macho hayakuona vitufe. Masikio nayo yalishachoka, nikaiweka kwa spika. Akaeleza kwamba kifua kinamuuma, hata kikapu hakibebeki. "Mama, hiyo ni chai," mwana akacheka. "Unataka tu tuje." Akakata. Magokoro akanigeukia: "Chai imefanya nini?" Ikabidi nimweleze, nikiangalia viatu vyangu, kwamba siku hizi mtu akisema chai anamaanisha uongo. Akalitazama shamba lake. "Hii? Hii nikichuma majani magumu, karani wa kituo cha kununulia chai ananirudishia mbele ya watu. Uongo nani anaurudisha?"

Ijumaa mwana huyohuyo, amevaa suti, alishika maikrofoni kando ya jeneza. "Tulimuuguza mama hadi pumzi ya mwisho." Mchungaji akasema amina, na umati mzima ukaitikia. Rafiki yangu akaninong'oneza, "Hiyo ni chai, bro," akiziba mdomo asicheke. Siku nyingine ningecheka kumshinda. Mtu akidai mbuzi wao anajua Kiingereza, sawa, mwite mnywesha chai. Lakini neno hilo lina sukari mno. Ugonjwa wa mama ukiitwa chai, hakuna anayepanda gari kuja kumwona. Na uongo wa kaburini ukiitwa chai, watu wanaunywa, wanafuta midomo na kuuliza chakula kiko wapi. Kiswahili kimetupa uongo, kikatupa uzushi, kikatupa uzandiki, maneno machungu kwa sababu yanachotaja ni kichungu. Tunayaacha kwa nini? Ili tusimkwaze mwenye suti?

Mkulima anarudishiwa majani hadharani kwa kosa la vidole. Pale kaburini hapakuwa na karani, na midomo yote, wangu pia, ilisema amina. Basi mimi naurudisha hapa ukutani, mbele ya watu: Magokoro hakuuguzwa. Huo ulikuwa uongo.