Nyaya Nyeusi za Dada Wening

Dada Wening alikuwa mwaka wa saba katika shahada ya miaka minne, na watu wa nje walidhani ni mzito wa kichwa. Uongo. Kilichomkalia shingoni ni kigari chetu cha magurudumu sita, tulichokuwa tukikiunda hapa Yogyakarta kwa ajili ya mashindano ya vyuo: kigari ambacho, kwa maneno yetu wenyewe, kingeweza kutembea kwenye sayari nyingine.

Nyaya zake zote alizifunga yeye alipokuwa mwaka wa pili, na zote zilikuwa nyeusi, maana stoo hapakuwa na rangi nyingine. Alizibandika vikaratasi vya majina, jasho na mchanga vikavila. Wenzake wakahitimu, wakaoa na kuolewa, wakapata kazi Jakarta. Yeye akabaki, kwa kuwa ndiye peke yake aliyejua kwa kupapasa waya upi unakwenda gurudumu lipi. Kila kilipozima, tulimpigia simu.

"Dada, samahani sana, kimezima tena."

"Haya, nakuja."

Hakuwahi kusema hapana. Kwetu Wajawa, watu wa kisiwa hiki, kumkatalia mtu waziwazi ni kumvunjia heshima. Nasi hatukuwahi kumwambia kwamba nyaya zile zilifaa kung'olewa zote. Nani angeanza? Mdogo hamkosoi mkubwa. Mficha uchi hazai, nasi tuliuficha wetu miaka na miaka, tukijisifu kwa adabu.

Safari hii chuo kilimwambia bila kuzunguka: atetee tasnifu yake Jumatatu asubuhi, la sivyo jina lake linafutwa. Jumamosi tukakipeleka kigari pwani ya Parangkusumo, kukijaribu kwenye matuta ya mchanga mweusi. Kikapanda kidogo, kikafa. Damar, nahodha wetu, akanitazama. Nami, Mungu anisamehe, nikampigia Dada Wening.

Alikuja na pikipiki yake, macho mekundu, tasnifu ikiwa kwenye begi mgongoni. Akajilaza chali chini ya kigari bila hata kusalimia.

"Dada, umekula?" nikamuuliza.

"Jana, nadhani. Nipe koleo la waya."

"Na Jumatatu umejiandaa?"

"Lintang, ukinitajia Jumatatu tena nakuchomeka wewe kwenye betri."

Tulicheka. Kisha miguu yake ikaacha kusogea. Nilipoinama nikamkuta amesinzia, koleo mkononi, mchanga kwenye kope. Nilijichukia. Nikamtikisa bega.

"Bado gurudumu la nyuma," akasema kabla hajafumbua macho vizuri.

"Liache, dada. Nenda nyumbani."

Hakuna aliyewahi kumwambia hivyo. Akaondoka bila kubisha, na hilo ndilo lililonitisha zaidi.

Tukakirudisha kigari karakana kwa pikapu. Damar akashika mkasi ili azikate zile nyaya nyeusi, akaurudisha mezani.

"Kata wewe."

"Si wewe ndiye nahodha?"

"Nahodha wa kubeba lawama tu. Kata bwana!"

Mwishowe tukakata pamoja, tukinong'ona kama watoto wanaoiba sukari. Tukaweka nyaya nyekundu, za njano, za kijani, tukazichora zote kwenye karatasi. Tulikuwa tunakaza skrubu za mwisho Jumatatu, saa sita mchana, mlango ulipofunguliwa. Alikuwa yeye, blauzi nyeupe, sketi nyeusi.

"Nimefaulu," akasema.

Tukapiga makofi, na katikati ya makofi nikakumbuka. Hapa chuoni, anayetoka kutetea tasnifu huwakuta rafiki zake mlangoni na maua, na utepe wenye jina lake. Rafiki zake wako Jakarta. Aliobaki nao ni sisi, na sisi tulikuwa chini ya kigari. Alitoka peke yake, akapita katikati ya maua ya wengine.

Yeye hakuyataja. Macho yake yalikuwa kwenye nyaya.

"Imewachukua muda gani?"

Nilitamani kudanganya. "Siku mbili, dada."

"Siku mbili." Akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa. "Mngeniambia mwaka juzi."

"Tuliona haya. Tungeanzaje kuikata kazi yako?"

"Na mimi niliona haya kukataa."

Damar akakiwasha kigari. Kikaenda hadi ukutani, kikageuka, kikarudi bila kusita. Dada Wening hakukitazama. Akajipachika begi, akasema anakwenda kulala. Hakuna aliyemwita arudi, kwa kuwa hatukuwa tena na haja naye.