Dishi Lililotazama Juu

Mwaka uliofuata Kombe la Dunia nilikuwa nasomea uhandisi wa roketi chuoni Westville, mjini Durban, na sitaficha, nilikuwa najisikia. Basi mama wa Kikongo aliyekuwa akininyoa pale Overport aliponiomba nimfungie dishi la televisheni saluni kwake, nilikubali kabla hajamaliza kusema. Jumapili ile, saa tisa alasiri, kwaya ya mama yake ingeonyeshwa moja kwa moja kutoka Bukavu. Alikuwa hajamwona mama yake kwa miaka saba.

Saa nane na nusu nilikuwa juu ya paa, dishi nimelielekeza karibu wima mbinguni, kama tufanyavyo Nairobi. Chini, kwenye skrini, kulikuwa na chenga tupu. Nikailaumu waya, nikailaumu hata televisheni yenyewe.

"Docteur," aliniita, yaani daktari, kwa heshima ya masomo yangu, akiwa kwenye ngazi, "ile satellite, fusée inaipeleka tu juu? Sababu gani haianguke?"

Swali lile nililipenda, hata nikasahau chenga. Nikamweleza kwamba roketi hupanda wima kwa muda mfupi tu, kisha huinama kuelekea mashariki, na fueli nyingi huishia kuipa setilaiti mbio za kwenda pembeni. Kuanguka inaanguka wakati wote, ila kwa mbio zile dunia, kwa kuwa ni ya mviringo, huikwepa kila inapokaribia kutua. Hii ya televisheni huzunguka juu ya ikweta sambamba na dunia yenyewe, ndiyo maana tunaiona imesimama pale pale.

"Kwa ikweta," akasema. "Na Durban iko kwa ikweta?"

Nilijiona mjinga, na mjinga nilikuwa. Ikweta tuliiacha nyumbani, huko kaskazini. Nikaliinamisha dishi upande huo, nikalisogeza kidogo kidogo, mpaka nikasikia kelele ndani: "Iko! Docteur, iko!"

Nilishuka mbio. Kwaya ilikuwa imeshaanza. Akaweka kidole kwenye skrini kunionyesha mama yake, safu ya mbele. Wenzake wote walikuwa wamesimama. Yeye aliimba akiwa kitini, fimbo magotini.

"Kila siku kwa telefone ananiambia miguu iko bien, iko muzuri," alisema.

Machozi yalimtoka, na alikuwa akitabasamu. Kisha akavuta kiti cha kunyolea mbele ya televisheni, akaketi, akaimba naye mpaka mwisho.