Niliua Samaki wa Bibi kwa Dawa ya Magugu

Kosa ni langu. Msinitafutie sababu, nimeshazitafuta zote mwenyewe na hakuna hata moja iliyonisaidia.

Nimepanga chumba cha uani huku mtaa wa Gerezani, kwenye nyumba ya zamani ya bibi mmoja wa Kihindi, mjane. Mchana nauza vitenge Kariakoo, nacheka na wateja mpaka taya zinauma. Jioni nikirudi hakuna wa kuniuliza nimeshindaje. Ila Bibi.

Uani kuna bwawa dogo alilojenga marehemu mumewe, lilikuwa na samaki wekundu. Kila jioni Bibi alitoka na chapati, akaimega, akanipa nusu niwarushie. Yeye mwenyewe samaki hali, wala nyama hagusi. Siku moja nikamtania, "Bibi, yaani kitoweo chote hiki unakifuga tu?"

Akanichapa na ncha ya sari. "Nyamaza wewe! Hawa watoto wangu!"

Tulicheka! Jamani, ule muda mfupi ndio niliouita nyumbani.

Sasa magugu maji yakatanda, hata samaki hawaonekani. Bibi akaniambia, "Yatoe kwa mkono, mwanangu. Leo kona hii, kesho ile. Usiwe na haraka."

Nikaanza. Yanateleza, yananuka tope, ukisafisha huku, kule yameshajaa. Na mimi na ndoto zangu! Nilishaliona bwawa linang'aa, nimelizungushia taa za rangi, Bibi anapiga makofi.

Alipokwenda kukaa kwa binti yake Mwanza, nikaona ndiyo nafasi ya kumshangaza. Nikaenda duka la pembejeo.

"Dawa ya magugu? Shamba la nini?" muuzaji akauliza.

"Mahindi." Niliona aibu kusema bwawa.

"Mikono laini hiyo ndiyo inalima mahindi?" Duka zima likacheka. Kisha akakaza uso. "Sikia mdogo wangu, hii isifike kwenye maji. Kisima, mto, chochote."

Nilimsikia! Naapa nilimsikia vizuri kabisa. Nikajiambia kidogo tu haitadhuru, nikaimwagia bwawani.

Magugu yalikauka yote kwa mpigo, yakazama, yakaoza humo humo. Maji yakawa meusi. Samaki wakaja juu, midomo wazi, wanatafuta hewa. Nilibeba maji safi kwa ndoo huku nalia. Wapi! Bibi aliporudi hakumkuta hata mmoja aliye hai.

Alisimama ukingoni mwa bwawa. Halafu akasema polepole, "Nimewalisha sana. Chapati zangu ndizo zimewaua."

Hapo ndipo nilipotakiwa kufungua mdomo. Unajua nilisema nini? "Pole, Bibi." Basi! Pole!

Tangu siku hiyo hakuja tena uani. Nilikuwa narudi kazini nasema shikamoo kwenye mlango uliofungwa, naitikiwa marahaba ya mbali tu. Nikawa nakula chumbani huku nimewasha redio, ili tu nisikie mtu anaongea.

Juzi nikashindwa. Nikagonga, nikamwambia yote, dawa, mahindi, yote. Nilitamani hata anitukane.

Akaniangalia. "Ungeniambia siku ile ile, tungelia wote wawili. Mimi nimelia peke yangu, mwanangu."

Akafunga mlango, taratibu kabisa.

Ndugu zangu mnaofuga samaki, dawa ya shamba isiguse maji yenu. Ng'oeni magugu kwa mkono, hata kama mtachoka, hata kama yataota tena. Na ukiharibu kitu cha mtu, kaseme kabla hajaanza kujilaumu yeye.

Mimi hajanifukuza. Bado naishi humu humu uani, na jioni sijui nikae wapi.